Dumu la Lita 20 Kama Maabara: Namna Shule za Kata Zinavyoweza Kutengeneza Bayoriakta kwa Gharama Nafuu

Na Afisa Habari

Mwaka 2014, kufuatia agizo la Rais wa Awamu ya Nne, Dkt. Jakaya Mrisho Kikwete, kwamba kila shule ya sekondari ya kata iwe na maabara tatu za Fizikia, Kemia na Baiolojia, wananchi wa kata nyingi nchini walichangia fedha, mawe, mchanga, tofali na nguvu zao. Bila shaka wapo wasomaji wa jarida hili waliobeba maji kichwani kwa ajili ya msingi wa jengo ambalo leo watoto wao wanalitumia. Swali linalofuata halijibiwi kwa saruji wala mabati, nalo ni swali ambalo mzazi yeyote ana haki ya kumuuliza mwanawe jioni: leo mmefanya nini humo ndani kwa mikono yenu?

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, inasisitiza umahiri, yaani mwanafunzi aweze kutenda na si kukariri pekee. Vifaa vya vitendo kutoka dukani vina bei kubwa, na kuvifikisha katika kata za bondeni kunaongeza gharama. Hata hivyo, kipo kifaa kimoja cha sayansi ambacho malighafi yake inapatikana Mtowisa kwa wingi kuliko katika miji mikubwa. Kifaa hicho ni bayoriakta ya samadi. Makala haya yanaeleza ni nini, inavyotengenezwa, inavyopimwa na hatari zake. Izingatiwe kuwa hili si tangazo la mchango mpya.

Bayoriakta ni nini

Bayoriakta ni chombo ambamo viumbe hai wadogo wasioonekana kwa macho, kama vile bakteria na hamira, hufanyishwa kazi chini ya uangalizi. Binadamu huwapa chakula na joto linalowafaa, huruhusu au huzuia hewa, kisha huvuna kile wanachozalisha. Jina ni geni, lakini jambo lenyewe si geni. Kibuyu cha maziwa ya mgando kwa mfugaji ni ndugu wa bayoriakta. Chungu cha togwa ni ndugu yake pia. Hata kilimo cha ntumba, ambacho wazee wa Ufipa walikitumia kwa vizazi vingi kwa kufukia nyasi ndani ya mafungu ya udongo mwishoni mwa masika ili zioze na kurutubisha ardhi kwa msimu unaofuata, kilitegemea bakteria na kuvu walewale. Kinachoongezwa na sayansi ya darasani ni kipimo: jotoridi kiasi gani, siku ngapi, gesi lita ngapi, na kwa nini leo imepungua.

Viwanda vikubwa hufuata kanuni hiyohiyo. Tangu mwaka 1982 wagonjwa wa kisukari wamekuwa wakitumia insulini inayozalishwa na bakteria ndani ya matangi. Hapa nchini, kiwanda cha Kibaha mkoani Pwani, kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba na kuzinduliwa mwaka 2015, huzalisha viuadudu vya kuangamiza viluwiluwi wa mbu kwa kukuza bakteria katika matangi ya aina hiyo. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anayeelewa kwa nini dumu lake limeacha kutoa gesi ameanza kuelewa kazi ya fundi wa Kibaha.

Kwa nini bonde lina nafasi nzuri

Bakteria wanaozalisha gesi inayowaka hufanya kazi vizuri katika jotoridi la nyuzi 30 hadi 40 za Selsiasi, na hupendelea takriban nyuzi 35. Jotoridi likishuka chini ya nyuzi 20 kazi yao hupungua sana. Anayeteremka Lyamba lya Mfipa kutoka uwanda wa juu anafahamu tofauti hiyo kwa ngozi yake. Sumbawanga mjini ni zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, ilhali Ziwa Rukwa liko takriban mita 800. Asubuhi za Juni na Julai ambazo mkazi wa uwandani anavaa koti, mkazi wa Mtowisa hana haja nalo. Joto ambalo tumezoea kulilalamikia bondeni ndilo linalofanya kifaa hiki kiwe rahisi kwetu kuliko kwa shule za Laela au Kaengesa, ambazo zitalazimika kulifunika dumu kwa bidii zaidi.

Sambamba na joto, tunayo mifugo, na tunazo pumba za mpunga, ambazo kama itakavyoelezwa ni kihami kizuri cha joto.

Inafaa pia kuondoa utata mmoja. Tangu mwaka 2016 yamekuwapo mazungumzo mengi kuhusu heliamu katika bonde la Rukwa. Heliamu hutoka katika miamba ya kale chini ya ardhi, wala haiwaki moto. Gesi inayozungumziwa hapa ni methani, hutengenezwa na bakteria mahali pasipo na hewa, na inawaka. Mvuvi anayeona mapovu yakipanda kutoka kwenye matope ya kinamasi anaweza kuwa anaiona methani. Mtaalamu wa Italia, Alessandro Volta, aliikusanya kwa namna hiyo mwaka 1776 kutoka katika tope la ziwa la nchini kwao, kwa kulikoroga kwa fimbo na kuyanasa mapovu kwenye chupa.

Vifaa na ujenzi

Kinachohitajika ni dumu la plastiki la lita 20 lililokuwa na mafuta ya kula, lenye mfuniko wa kuzungusha, mpira mwembamba unaopitisha mwanga, kiasi cha mita 2, kiungo cha njia tatu, koki ndogo, tyubu ya ndani ya gari dogo, chupa mbili za maji za lita 1.5, beseni, na gundi ya silikoni. Dumu lisiwe lililowahi kubeba dawa za kilimo, kwani mabaki ya dawa huua bakteria na yanaweza kumdhuru mwanafunzi. Ndoo yenye mfuniko mpana inaweza kutumika, lakini dumu ni bora kwa sababu ndogo tu: mdomo mwembamba una sehemu chache za kuvuja, na kuvuja ndiko kunakoharibu majaribio mengi ya aina hii.

Mfuniko wa dumu hutobolewa tundu moja linalobana mpira, kisha pembeni huzibwa kwa silikoni na kuachwa siku nzima ikauke. Mpira huo huunganishwa na kiungo cha njia tatu. Njia ya pili ya kiungo huenda kwenye tyubu, ambayo fundi baiskeli anakuwa ameing'oa kiini cha vali ili gesi ipite bila kizuizi. Njia ya tatu huenda kwenye koki. Baada ya koki huwekwa chupa ya kinga, ambayo ni chupa yenye maji nusu: mpira unaoingia hutumbukia ndani ya maji, na mpira unaotoka huanzia juu ya maji. Gesi hupita kama mapovu kwenda mbele, lakini mwali wa moto ukijaribu kurudi nyuma hukutana na maji na kuzimika. Chupa hiyo isiachwe kwa kisingizio chochote.

Kabla ya kutia kitu chochote, mfumo mzima upulizwe hewa kwa mdomo au pampu, na kila kiungo kipakwe povu la sabuni. Povu likitoa mapovu mapya, pana tundu. Kazi hii inachosha, na wanafunzi watataka kuiruka. Mwalimu asikubali.

Ndipo huandaliwa chakula cha bakteria. Chukua lita 8 za samadi mbichi ya ng'ombe iliyokusanywa asubuhi hiyo, ondoa majani na vijiti kwa mkono wenye glovu, changanya na lita 8 za maji hadi ipatikane hali ya uji, kisha mimina kwa faneli pana. Nafasi iliyobaki juu ni ya gesi na povu. Maji yawe ya kisima au ya mto. Yakiwa yametiwa klorini, yaachwe kwenye chombo cha wazi kwa siku nzima, kwa kuwa dawa inayoua bakteria wa kipindupindu haitawabagua bakteria wetu. Hakuna haja ya kununua mbegu ya bakteria, maana tumbo la ng'ombe lenyewe ni bayoriakta, na samadi hutoka nayo tayari.

Dumu huwekwa chini ya kivuli, ndani ya boksi au shimo fupi, na kuzungushiwa pumba za mpunga pande zote. Wengi hudhani jua kali ndilo bora. Sivyo. Bakteria hawa huvumilia joto la wastani lisilobadilika kuliko joto kali la mchana linalofuatiwa na baridi ya usiku. Dumu litikiswe taratibu asubuhi na jioni.

Somo liko kwenye kipimo

Katika siku za mwanzo tyubu itaanza kujaa, na wanafunzi watashangilia. Gesi hiyo haiwaki. Kwa sehemu kubwa ni kaboni dayoksaidi iliyochanganyika na hewa iliyobaki kwenye dumu, na inapaswa kutolewa nje, mahali pa wazi, mbali na moto. Bakteria wa kwanza huvunja mabaki ya nyasi kuwa sukari na asidi. Kundi jingine, linalokua polepole, hula asidi hizo na kutoa methani. Kundi hilo la pili ndilo lenye thamani, nalo huhitaji takriban wiki mbili hadi tatu kushika kasi. Mwanafunzi anayepitisha gesi ya siku ya 4 kwenye maji ya chokaa na kuyaona yanageuka meupe kama maziwa, kisha akarudia siku ya 25 na kulinganisha, anakuwa ameona kwa macho yake kile ambacho kitabu kinakieleza kwa mishale.

Ujazo hupimwa hivi. Chupa ya pili huwekewa alama za kila mililita 100, hujazwa maji pomoni na kupinduliwa ndani ya beseni la maji. Mpira hutumbukizwa mdomoni mwa chupa, koki hufunguliwa, tyubu hukandamizwa kwa mkono, na gesi husukuma maji yashuke. Alama maji yanapoishia ndiyo ujazo. Chupa ikijaa gesi, hujazwa tena maji na kuendelea hadi tyubu inywee. Tarehe, saa, jotoridi la kivulini na ujazo viandikwe kila siku kwenye daftari moja lisilotoka shuleni.

Kilo moja ya samadi mbichi ya ng'ombe hutoa takriban lita 30 hadi 40 za gesi katika kipindi chote cha kuoza. Hivyo dumu letu lenye kiasi cha kilo 8 linaweza kutoa lita 240 hadi 320 kwa muda wa wiki kadhaa, iwapo joto ni zuri na hakuna kinachovuja. Darasa litakalopata nusu ya kiasi hicho halijashindwa. Limepata swali zuri la kutafiti.

Faida kubwa zaidi hupatikana kwa kutengeneza madumu mawili, yanayofanana kwa kila kitu isipokuwa jambo moja. Dumu moja lizungushiwe pumba na jingine liachwe wazi. Au moja lipewe samadi pekee na jingine samadi pamoja na uji wa mahindi uliobaki. Kanuni ya kubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja ndiyo uti wa mgongo wa sayansi, na ni vigumu kuifundisha kwa maneno.

Jaribio la uji wa mahindi linastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa matokeo yake huwashangaza wengi. Kikombe kimoja cha uji huongeza gesi. Lita 2 kwa mkupuo zinaweza kuikatisha kabisa. Sababu ni kwamba bakteria wa kwanza huuvunja wanga haraka na kufurika asidi, na wale wa methani, wanaopenda hali isiyo na asidi wala besi kali, hushindwa kuila asidi hiyo kwa kasi inayotosha. Karatasi ya litmasi itaonesha asidi imezidi, na harufu kali ya uchachu itathibitisha. Wafugaji wetu wanalifahamu jambo hili kwa sura nyingine: ng'ombe aliyevunja ghala na kula mahindi mengi kwa wakati mmoja huugua na anaweza kufa, ingawa mahindi yana nguvu kuliko nyasi. Ugonjwa wa dumu na ugonjwa wa ng'ombe huyo vina asili moja. Mtoto wa mfugaji, ambaye pengine huwa kimya katika kipindi cha Kemia, anaweza siku hiyo kuwa ndiye anayewafafanulia wenzake. Dumu lililougua huachwa bila chakula kwa siku kadhaa, na chokaa kidogo au majivu yaliyochujwa kwa maji husaidia kupunguza asidi.

Kwa shule za msingi, au kwa mwalimu anayetaka kuanza na kisicho na moto, ipo njia fupi zaidi. Kijiko cha chai cha hamira, vijiko viwili vya sukari na robo lita ya maji vuguvugu huwekwa kwenye chupa, na puto hufungwa mdomoni. Puto huanza kuinuka ndani ya saa moja. Chupa tatu, ya maji baridi, vuguvugu na yaliyochemka, zinatosha kufundisha athari ya joto kwa viumbe hai.

Usalama

Methani ikichanganyika na hewa kwa kiwango cha asilimia 5 hadi 15 inaweza kulipuka. Kwa sababu hiyo dumu likae nje daima, chini ya paa lisilo na kuta, na lisiwekwe ndani ya maabara, stoo au bweni hata kwa usiku mmoja. Jaribio la kuwasha lifanywe na mwalimu pekee, wanafunzi wakiwa umbali wa hatua kadhaa, kwa gesi iliyokwisha kupita kwenye chupa ya kinga, na kamwe si kwenye mdomo wa dumu. Njia kati ya dumu na tyubu isifungwe wakati wowote, kwa kuwa dumu lililozibwa huvimba na hatimaye hupasuka. Tyubu ikikaribia kujaa, gesi itolewe.

Gesi hii huwa pia na kiasi kidogo cha haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza, ambayo ni sumu. Mwanafunzi asielekeze pua kwenye mpira ili kuhakikisha kama gesi ipo. Kiberiti, sigara na simu inayochajiwa viwe mbali.

Wazazi wengine watauliza kama ni sawa mtoto aliyepelekwa shule kushika samadi. Swali hilo ni la haki. Samadi inaweza kuwa na vimelea vya kuhara, minyoo na magonjwa yanayotoka kwa wanyama kwenda kwa binadamu. Hivyo glovu, au walau mifuko ya plastiki mikononi, ni lazima. Mwenye kidonda asishiriki hatua hiyo. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji tiririka. Na samadi ya ng'ombe mgonjwa, aliyetupa mimba au aliyekufa isitumike kabisa. Afisa mifugo wa kata ndiye mtu sahihi wa kuulizwa kabla ya kukusanya.

Dumu halitapika ugali wa shule

Jiko la bayogesi la kawaida hutumia kati ya lita 200 na 450 kwa saa. Maana yake ni kwamba gesi yote ya dumu letu, iliyovunwa kwa wiki kadhaa, ingepika kwa muda wa takriban saa moja tu. Ni vema wajumbe wa bodi za shule wakalifahamu hili mapema, ili mwalimu asije akaulizwa kwa nini kuni bado zinanunuliwa.

Mtambo wa kupikia ni jambo jingine. Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini, CAMARTEC, kilichopo Arusha na kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1981, kimekuwa kikisambaza mitambo ya kuba inayojengwa chini ya ardhi kwa tofali na saruji, na kuanzia mwaka 2009 kiliratibu programu ya taifa ya bayogesi majumbani. Mtambo wa kaya una ujazo wa mita 4 za ujazo au zaidi na huhitaji kulishwa makumi ya kilo za samadi kila siku, pamoja na maji ya kiasi kilekile. Kwa ng'ombe wanaochungwa mchana kutwa na kulala zizini, samadi inayopatikana ni ile ya usiku pekee, na hesabu hiyo inapaswa kufanywa kabla ya kuita fundi. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Kijana aliyewahi kutafuta uvujaji kwenye dumu kwa povu la sabuni atakuwa na la kusema siku mtambo wa jirani utakapogoma.

Mwalimu anayetaka kuanza ampe taarifa mkuu wa shule, naye Afisa Elimu Kata afahamishwe. Mzazi mwenye dumu tupu, tyubu kuukuu au ng'ombe wawili wazima tayari ana kitu cha kumsaidia mwalimu, bila fedha.

Gesi ikikoma, kwa kawaida baada ya miezi miwili hivi, tope linalobaki halitupwi. Nitrojeni na madini yake bado yamo, na harufu yake imepungua mno. Limwagwe kwenye matuta ya mahindi ya shamba la shule, na tuta moja liachwe bila kitu ili pawepo cha kulinganisha. Lisitumike kwenye mchicha au mboga zinazoliwa mbichi, kwa kuwa joto la dumu haliui vimelea vyote. Dumu lenyewe lioshwe, liandikwe kwa rangi kuwa ni la maabara, na lisirudi jikoni wala kisimani.